Ukilifufua Gari la Mzee, Anza na Breki

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Juma hili nataka tuzungumze juu ya gari. Si gari jipya linaloshushwa bandarini, bali lile lililosimama nyuma ya nyumba ya wazazi, chini ya mwembe, matairi hayana upepo na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nazungumzia Land Rover ya zamani, hasa ile ndefu inayojulikana kwa namba yake, 109. Zipo nyumba zinazo hadi leo. Mzee aliinunua kwenye mnada, ikabeba mahindi na mkaa, ikalipa karo za watoto, mwishowe ikachoka. Sasa watoto wamekua, mmoja amepata kazi mjini, naye ameapa kwamba gari la baba litanguruma tena.

Kijana huyo nampongeza. Lakini msikilize anapoeleza mipango yake. Kwanza atafunga injini mpya yenye nguvu. Pili atanunua matairi mapana. Tatu atapiga rangi. Ukimwuliza habari za breki atakujibu kwamba hizo fundi atazitazama mwishoni. Hapo ndipo penye shauri letu la leo. Mimi nasema mpango huo umepangwa kichwa chini miguu juu. Gari la zamani linafufuliwa kwa kuanza na kile kinacholisimamisha, kisha kinacholibeba, kisha kinachoisukuma safari, na rangi inakuja mwisho wa yote.

Kabla hatujaingia gereji, tulifahamu gari lenyewe. Land Rover ilibuniwa Uingereza mwaka 1947 na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, chuma cha bati kilikuwa kinatolewa kwa mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Hiyo ndiyo sababu bodi ya gari la mzee bado ipo ingawa imekaa mvuani miaka ishirini. Mwaka 1956 zikaja chesisi za inchi 88 na inchi 109, yaani umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mwaka 1958 ikatoka ile iliyoitwa Series II, na mwaka 1971 Series III, iliyoendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Jamii nzima ya gari hilo, mpaka mjukuu wake Defender, iliachwa kuundwa pale Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Huku kwetu gari hili lilikuwa la bwana shamba, la polisi, la mganga wa wilaya na la askari wa wanyamapori. Nchini Kenya, mji wa Maralal umejulikana kwa Land Rover kuukuu zinazobeba abiria katika njia ambazo basi halithubutu kuzikanyaga. Na mwezi Oktoba 2024 hapa kwetu Tanzania, mjini Arusha, lilifanyika tamasha lililokusanya mamia ya Land Rover, nyingine mpya na nyingine umri wa babu. Basi anayetaka kuifufua yake asidhani yuko peke yake.

Sasa tuingie kazini. Jambo la kwanza ni chesisi. Bodi ni ya aluminiamu, lakini chesisi ni ya chuma, nayo imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia humo yasitoke, na kutu inaanza ndani ikila kuja nje. Kwa macho unaweza kuona chesisi nzima kumbe ni ganda. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Gonga zaidi pale springi zinaposhikwa, na kwenye boriti ya nyuma kabisa inayofungwa trela. Gari lililokaa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, karibu na chumvi ya bahari, ligonge mara mbili.

Palipooza pasibandikwe kiraka juu ya kutu. Pakatwe mpaka kwenye chuma kizima, ndipo fundi wa kuchomelea aunge chuma kipya cha unene ule ule. Na kabla hajawasha mashine yake, ondoa betri na ondoa tangi la mafuta, kwani katika baadhi ya magari hayo tangi liko chini ya kiti. Usijidanganye kwamba tangi tupu halina madhara. Tangi tupu limejaa mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka.

Jambo la pili ndilo kiini cha mazungumzo yetu, nalo ni breki. Land Rover hizi zilitoka kiwandani na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Nyingi zina mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki. Maana yake ni kwamba bomba moja likitoboka, au mpira mmoja ukipasuka, unapoteza breki za magurudumu yote kwa mara moja. Magari ya kisasa yana mizunguko miwili, mmoja ukifa mwingine unakuokoa.

Gari lililosimama miaka mingi lina ugonjwa mwingine. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Yakikaa, maji yanayoingia humo yanafanya kutu ndani ya silinda na mabomba. Baya zaidi, ukiteremka mlima mrefu, tuseme Kitonga au Sekenke, breki zinapata moto, yale maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na pedali inazama mpaka sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Dereva aliyepima breki zake kwenye barabara tambarare asubuhi atashangaa jioni mlimani kwamba hana breki.

Kwa hiyo usihesabu breki za gari hilo kuwa za kutazamwa. Hesabu kwamba ni za kubadilishwa. Badilisha mabomba ya chuma yote, mipira yote, masta silinda na silinda ndogo za magurudumuni. Dramu zipelekwe kwa fundi wa kuchonga zipimwe kama bado zina unene wa kutosha. Mafuta ya breki yawe mapya, kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo, na baada ya hapo yabadilishwe kila miaka miwili. Utakapofungua dramu, vumbi utakalokuta humo usilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Laini za breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kisha kitambaa chenyewe kitie kwenye mfuko, ufunge na kutupa mbali na watoto.

Mwenye uwezo wa kuboresha, hapa ndipo pa kuweka fedha yake ya kwanza. Afunge masta silinda ya mizunguko miwili na busta ya kusaidia mguu. Akiweza zaidi, afunge breki za diski mbele. Hata asipofanya jingine lolote, gari lake litakuwa limepanda daraja.

Nisisahau breki ya mkono, kwa sababu hii imewaponza watu hata gari likiwa halijatoka uani. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu yenyewe kama ilivyo katika gari dogo la saluni. Ina dramu yake peke yake nyuma ya giaboksi, nayo inashika propela inayokwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke upande mmoja na lile lililo chini lizunguke upande mwingine, gari likaondoka ingawa breki umeivuta mpaka mwisho. Na ukiifungua propela ya nyuma, basi breki ya mkono huna kabisa. Gari hilo lina uzito wa kiasi cha tani moja na nusu, na aliye chini yake ni mtoto wa mtu. Weka vigingi au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tafuta stendi za chuma, au magogo mazito yaliyokatwa sawasawa. Tofali la saruji lisitumike, maana hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Jambo la tatu ni usukani, springi na matairi. Usukani wa gari hili una viungo vingi kutoka mkononi mwa dereva hadi gurudumuni, na kila kiungo kikilegea kidogo, ukijumlisha vyote unapata usukani unaozunguka robo nzima kabla gari halijageuka. Kagua kiungo kimoja kimoja. Springi za mapasi zikishikana kwa kutu haziwi springi tena, zinakuwa boriti. Zifunguliwe, zisafishwe, au ziletwe mpya. Vijana wengi wanapenda kuliinua gari juu ili lionekane la kutisha. Kumbuka kwamba kadiri linavyokwenda juu ndivyo linavyokuwa jepesi kupinduka kwenye kona. Kuhusu matairi, usidanganywe na meno marefu. Tazama ubavuni mwa tairi utaona namba nne ndani ya duara dogo. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la miaka mingi, hata kama halijatembea, mpira wake umekauka.

Jambo la nne ni umeme. Waya za zamani zilifunikwa kwa mpira au kitambaa ambacho sasa kinabomoka ukikigusa, na fyuzi zilikuwa chache mno. Waya mbili zikigusana chini ya dashibodi, moto unaanza mbele ya magoti ya dereva. Vuta waya mpya, weka kisanduku cha fyuzi cha kisasa, na taa za mbele zipewe rilei yake ili swichi kuukuu isibebe mzigo wote. Angalia pia betri imefungwaje. Baadhi ya Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ziliunganisha bodi na upande chanya wa betri, kinyume cha magari ya leo. Ukifunga alteneta au redio ya kisasa bila kulijua hilo, utasikia harufu kabla hujasikia muziki.

Ndipo sasa tunafika kwenye injini. Ile ya asili ya lita 2.25, iwe ya petroli au ya dizeli, ni injini ya kishamba kwa maana nzuri ya neno hilo. Haina kompyuta, haina haraka, na fundi yeyote mwenye akili na spana anaielewa. Ila spana ziwe za inchi. Nati nyingi za gari hilo si za milimita. Ukilazimisha spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi, inakaribia kuenea lakini haienei, na ukivuta kwa nguvu unaiviringisha nati ikawa duara. Hapo kazi ya dakika tano inageuka ya siku nzima na patasi.

Kwa injini ya petroli kuna jambo moja zaidi. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ikiwa na madini ya risasi, ambayo pamoja na ubaya wake kwa afya za watu, yalilinda mahali valvu zinapokalia. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha. Ni hatua njema, hatuitaki irudi. Kwa hiyo siku utakapofungua silinda hedi, mwambie fundi akutilie viti vigumu vya valvu za moshi, mambo yaishe.

Lakini najua wengi wenu hamtaki injini ya asili. Fundi atakuambia, "Mzee, hii tuiweke kando, tufunge injini ya Toyota au ya Isuzu, gari litapaa." Wengine watatafuta injini ya Land Rover yenyewe ya miaka ya karibuni. Mjibu kwa upole, "Sawa fundi, litapaa. Sasa nieleze litatuaje."

Tufanye hesabu. Injini ya dizeli ya lita 2.25 ilitoa nguvu za farasi zipatazo 62. Injini iitwayo 300Tdi, iliyotoka mwaka 1994, inatoa 111. Karibu mara mbili. Gari lililokuwa linajikongoja kwa kilomita 50 kwa saa likiwa limebeba mzigo, sasa linakwenda 80 bila kulalamika. Ukisikia 50 na 80 unadhani tofauti ni ndogo. Sivyo. Nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza inakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 50 hadi 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu. Kutoka 50 hadi 100 ni mara nne. Dramu ni zile zile, mguu wa dereva ni ule ule, na mtoto anayevuka barabara ni yule yule. Aidha, nguvu hiyo mpya inapita katika giaboksi ya zamani na katika shafti za ekseli ya nyuma, ambazo hata kwa injini ya asili zilijulikana kwa kukatika zikizidiwa. Kwa hiyo anayebadili injini amejitia katika deni, na breki na ekseli ndizo zinazodai. Asipozilipa kwa fedha gereji, atazilipa barabarani kwa njia nyingine.

Kuna pia deni la karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, dai risiti na hati zake halali kutoka kwa aliyekuuzia, kisha peleka mabadiliko hayo TRA, na kwa ndugu zetu wa Kenya, NTSA. Pasipo hivyo, siku ya ajali au ya kuuza gari utajikuta unaeleza mambo usiyoweza kuyathibitisha. Bima nayo waambie ukweli wa gari ulilonalo.

Ama kuhusu kuendesha kwa magurudumu yote manne, kumbuka gari hili halina difu ya katikati. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakishikanishwa, hufungwa pamoja kabisa. Kwenye matope na mchanga ni sawa, kwa sababu tairi linaweza kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu giaboksi inajinyonga yenyewe. Kazi ya matope ikiisha, rudisha magurudumu mawili.

Bodi na rangi nimeviacha mwisho kwa makusudi. Aluminiamu haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya mtaani, na anayejaribu huishia na tundu kubwa kuliko alilolikuta. Tumia riveti na bati la aluminiamu. Mahali aluminiamu inapokutana na chuma, weka kitu cha kuvitenganisha, mpira au rangi nzito, kwa sababu vikikutana penye maji yenye chumvi, aluminiamu inaliwa ikawa unga mweupe. Na yale mabenchi ya nyuma yanayotazamana, ambayo sote tuliyapanda tukiwa watoto, yana hatari yake, hayana mkanda. Kabla ya kununua redio na taa za urembo, funga viti vinavyotazama mbele na mikanda kwa kila atakayekaa.

Mwisho, ndugu msikilizaji, ni shauri la nyumbani. Magari mengi ya zamani hayashindwi kwa kukosa fundi. Yanashindwa kwa kufunguliwa yote kwa siku moja, nati zikachanganywa kwenye debe moja, fedha ikaisha mwezi wa pili, na gari likabaki vipande mpaka likauzwa kwa kilo. Fungua sehemu moja, imalize, ndipo ufungue nyingine. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Nati za kila sehemu ziwe na kopo lake lenye jina. Andika kila shilingi kwenye daftari, na mama wa nyumba alione daftari hilo, kwa sababu fedha inayokwenda kwenye masta silinda ni ile ile inayotazamiwa na karo na unga. Akiona unaanza na breki badala ya redio, atakuelewa. Pengine atakuongezea.

Watani wa Land Rover husema kwamba ukiona haivuji oili, jua oili imekwisha. Tuache mzaha huo kwenye oili. Kwenye mafuta ya breki hakuna mzaha. Siku gari la mzee litakapotoka uani, watakaopanda kwanza ni wa nyumbani. Mzee mwenyewe atakaa mbele, bibi atakaa kati, na wajukuu watajaa nyuma wakishangilia. Hakuna hata mmoja kati yao atakayeuliza injini ina farasi wangapi. Wote wamekuamini kwamba litasimama.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa. Kwaheri.